Bastola Isiyolia

Duka la Gaylen Ruff linauza misumari, mabomba na chumvi ya ng'ombe, na ukipita mpaka nyuma kabisa, baada ya mashine za kukatia nyasi, kuna kaunta ya kioo yenye bastola. Hapo ndipo watu wa huku kwetu, magharibi ya Nebraska, wanapomalizia mwezi wa pili wote. Theluji imeshageuka tope, ng'ombe bado hawajaanza kuzaa, na kahawa ya Gaylen ni ya bure, ingawa ukiionja unajua kwa nini. Ukitaka kuua mchana mzima uliza swali moja tu kwenye kaunta ile: bastola ya kulengea shabaha, ya kujifurahisha tu, iwe ya risasi ya ukubwa gani? Kisha vuta kiti ukae, maana hutatoka leo.

Siku hiyo aliyeuliza alikuwa Dwaine Kopetzky, na watu wote wakageuka kumtazama, kwa sababu Dwaine hakuwa mtu wa kuuliza swali hilo. Alikuwa na bastola zake mbili za arobaini na tano toka enzi ambazo Gaylen alikuwa bado anakojoa kitandani. Klabu yetu ya shabaha ikikutana kule kwenye machimbo ya changarawe, Jumamosi moja kila mwezi kuanzia kiangazi kinapokaribia mpaka baridi irudi, wote tunavaa kofia na mabuti kama babu zetu, ingawa babu zetu wengi walilima viazi vya kutengenezea sukari na hawakuwahi kumtisha hata kuku. Kila mtu ana jina lake la uwanjani. Mhasibu wa benki anaitwa Kifo cha Polepole. Dwaine alikuwa anaitwa Kengele, kwa sababu akipiga, sahani za chuma tunazolenga zilikuwa zinalia mfululizo kama kanisa la Wakatoliki siku ya Pasaka.

"Mikono," Dwaine alisema. Akauinua mkono wa kulia juu ya kioo. Shina la dole gumba lilikuwa limevimba kama kitunguu. "Nikipiga kumi tu, jioni siwezi kufunga vifungo vya shati. Juzi nililala na shati."

"Hilo hilo ulilovaa?" Connie Sedlacek akauliza.

"Hilo hilo."

"Tumeshajua," Connie akasema, na watu wakacheka, na kicheko kikasaidia kidogo.

Mikono ilikuwa kweli mibovu. Lakini kila mtu kwenye kaunta ile alijua habari nyingine, ambayo Dwaine hakuitaja. Ilikuwa ni macho. Katikati ya kila jicho lake kulikuwa kumeota doa, na doa linakua. Pembeni anaona, katikati haoni. Ukiongea naye anakutazama sikio, kwa sababu akikutazama usoni uso unapotea. Mgeni asiyejua hugeuka nyuma kuangalia kuna nani.

Na nyuma ya macho kulikuwa na Rhonda. Rhonda ni binti yake, anaishi Omaha, mwendo wa mchana mzima kwa gari. Mama yake alipofariki alianza kumwambia baba yake ahame, kuna nyumba nzuri ya wazee karibu na kwake, ina lifti na watu wa kucheza nao karata. Dwaine hapendi lifti, na karata anacheza kwa wizi. Walivutana mwaka mzima. Mwisho Dwaine akampa neno lake: "Siku nitakapokosa nusu ya sahani kwenye mashindano ya klabu, njoo na trela unichukue, sitasema kitu. Lakini kabla ya hapo usinitajie tena." Rhonda alikulia kwenye machimbo yale akiokota maganda ya risasi. Alijua hakuna mtihani ambao baba yake angeuheshimu zaidi ya huo. Akakubali. Na kila baada ya mashindano alikuwa anampigia simu Connie, maana Connie alimfundisha hesabu darasa la saba na ndiye mtu pekee mjini ambaye Rhonda aliamini hawezi kukosea namba.

Kwa hiyo swali la risasi halikuwa la kujifurahisha hata kidogo. Lilikuwa ni swali la shamba, nyumba, na mahali alipozikwa mke wake, Darlene.

"Chukua arobaini na nne," Verlyn Haas akaanza. Verlyn ni jirani yake Dwaine, wanatenganishwa na barabara ya vumbi na uzio, na kwa miaka yote wamekuwa wakigombana kuhusu ule uzio. "Ni risasi ya kizee. Ina heshima yake."

"Teke lake ni lile lile," Connie akasema. "Umemsikia mkono unauma, wewe unampa heshima. Atavaa heshima wakati shati halifungiki?"

"Basi wewe sema, mwalimu."

"Thelathini na nane. Ndogo, laini, inapatikana kila duka, ukiitengeneza na baruti kidogo haisumbui mkono. Na sahani bado inalia vizuri."

"Thelathini na nane ni ya polisi," Verlyn akasema.

"Polisi waliacha kabla hujaota ndevu. Na mpaka leo hujaota."

Dwaine alikuwa hasikilizi. Gaylen alikuwa amempangia risasi juu ya kitambaa, moja moja, kuanzia ile nene ya arobaini na tano mpaka ile nyembamba ya thelathini na mbili iliyofanana na kipande cha kalamu. Dwaine alikuwa anazipapasa kwa vidole, mbele na nyuma, huku anatazama dirishani. Alipofika kwenye ile ya mwisho akaisimamisha kwenye kiganja.

"Hii ni nini, dawa ya minyoo?"

"Hiyo ndiyo yako, mzee," Gaylen akasema. "Thelathini na mbili. Mkono hausikii kitu, utadhani umepiga chafya. Ninazo bastola mbili pacha, za mjane wa Arlo, hazina hata mkwaruzo. Kuvuta nyundo yake kwa dole gumba ni kwepesi. Utapiga mpaka ufikishe miaka mia."

"Ile ishirini na mbili je?" akauliza Verlyn. "Au tumnunulie manati kabisa?"

Dwaine hakucheka. Aliigeuza ile risasi.

"Arobaini na tano inajibu," akasema. "Napiga, halafu chuma kinanijibu. Siku hizi ndivyo ninavyojua ielekee wapi inayofuata. Hii nitaisikia?"

Gaylen alichukua kitambaa akafuta kioo ambacho hakikuwa na uchafu.

"Utaisikia," akasema.

Dwaine alipotoka kwenda kukaa kwenye pikapu ya Verlyn, Connie alimgeukia Gaylen. Haya yaliyofuata alinisimulia yeye mwenyewe baadaye, na Connie haongezi chumvi hata kwenye mayai.

"Thelathini na mbili yenye baruti kidogo, upepo wa huku, na pamba masikioni," akasema. "Hataisikia. Hata sisi hatutaisikia."

"Ndiyo," Gaylen akasema.

Ilimchukua Connie muda kidogo kuelewa. Kwenye klabu, nyuma ya kila mpigaji wanasimama mashahidi watatu wa kuhesabu risasi zilizokosa. Wakitofautiana, wawili wanamshinda mmoja. Na sheria yao ni kwamba shaka ni ya mpigaji: kama huna hakika kabisa kwamba amekosa, basi amepata. Kwa arobaini na tano hakuna shaka, chuma kinalia mpaka ng'ombe wanageuza shingo. Lakini risasi inayonong'ona ina shaka tele. Na mashahidi wa Dwaine, kwa miaka yote, walikuwa ni hao hao watatu waliokuwa wamesimama pale kwenye kaunta.

"Umemchagulia bastola ili tuweze kumdanganya," Connie akasema.

"Sidanganyi mtu. Mimi nasema nilichosikia. Nisiposikia kitu, nina shaka. Sheria inasema nini kuhusu shaka, mwalimu?"

"Gaylen."

"Wewe unataka aende Omaha? Akae kwenye kiti cha plastiki atazame ukuta? Mama yangu alikaa kule miezi minne. Alikuwa anatuuliza sisi ni akina nani, na alikuwa hana ugonjwa wa kusahau alipoingia." Gaylen alianza kurudisha risasi kwenye maboksi yake. "Ukuta wa mchanga kule nyuma ya sahani una kimo cha ghala. Mimi nitasimama begani kwake. Hataumiza mtu. Anataka mwaka mmoja au miwili kwenye nyumba yake, basi. Nani anapungukiwa?"

Verlyn alikuwa anaangalia viatu vyake. "Uzio ule nitagombana na nani," akasema taratibu, na hiyo ndiyo ilikuwa kura yake.

Connie hakupiga kura. Alivaa glavu akaondoka. Lakini mwezi wa nne, mashindano ya kwanza, alikuwepo.

Upepo wa kwetu mwezi wa nne haupumziki. Dwaine alisimama kwenye mstari na zile bastola pacha za mjane wa Arlo, kofia imekazwa na kamba chini ya kidevu, uso ameugeuza kidogo kushoto ili azione sahani kwa pembeni ya jicho la kulia. Alipiga. Sauti yake ilikuwa kama mtu anavunja vijiti. Pa, pa, pa. Mkono wake haukuruka hata kidogo. Sahani tano, kila moja mara mbili. Huko mbele vumbi liliinuka kwenye ukuta wa mchanga mara kadhaa, mahali ambapo vumbi halitakiwi kuinuka, na upepo ukalifagia mara moja.

Gaylen akainua kidole kimoja. Verlyn akainua kimoja. Connie alikuwa na mkono mfukoni. Aliutoa, akauangalia, akainua kidole kimoja.

"Umekosa moja, mzee," Gaylen akamwambia sikioni.

"Moja tu?"

"Moja tu."

"Sikusikia chuma kabisa."

"Ni upepo. Mimi nimezisikia."

Dwaine akatabasamu, na kwa mtu ambaye hatabasamu ovyo ilikuwa kazi kumtazama. Wakati wa chakula alikula bakuli mbili za maharage ya nyama na pilipili, akamwambia kila mtu kwamba thelathini na mbili ni risasi inayodharauliwa bure, kwamba hii arobaini na tano ni ubishoo wa vijana, na kwamba Kifo cha Polepole ashike hesabu zake benki kwa sababu mkono wake unatetemeka. Alikuwa amerudi, Dwaine yule yule wa kero.

Jioni Rhonda akapiga simu.

"Mwalimu, habari za huko? Kengele kapiga vipi?"

Connie alikuwa anaosha sufuria. Akafunga bomba.

"Tisa," akasema.

"Tisa kwa kumi?" Rhonda akauliza. "Mwalimu, mimi nilidhani... Daktari aliniambia mwezi wa kwanza kwamba hata uso wangu haoni. Tisa?"

"Ndiyo walivyohesabu."

"Basi mimi ndiye ninayemsumbua mzee wa watu," Rhonda akasema, na sauti yake ilikuwa nyepesi, kama mtu aliyetuliwa gunia. "Nilikuwa nimelipia... basi, nitawaambia wasubiri."

Na mwezi wa tano ikawa nane. Wa sita tisa. Wa saba, siku ya joto isiyo na upepo, siku ambayo ungeweza kusikia panzi akitafuna, Dwaine alipiga na hata panzi hakushtuka, na mashahidi wakatoa nane. Vijana waliokuwa nyuma wakisubiri zamu waliangaliana. Kwenye klabu yetu mtu habishani na mashahidi, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Baadhi yetu tulikuwa tumeshaanza kuondoka kwenda kunywa maji kila ilipofika zamu ya Kengele.

Kilichobadilika ni kwamba Dwaine alipona woga. Mwaka uliotangulia alikuwa ameacha kuendesha gari kwenda mjini, Verlyn alikuwa anampeleka. Sasa akaanza tena. Polepole mwanzo, mpaka kwenye sanduku la barua na kurudi, halafu mpaka dukani, halafu mpaka kanisani. "Mtu anayepata sahani ya ukubwa wa sufuria hashindwi kuona lori," alimwambia Verlyn, na Verlyn angesema nini? Mtu aliyehesabu zile sahani ni yeye.

Mwezi wa tisa ndama wa Verlyn alipenya uzio, ule ule wa ugomvi, akasimama barabarani. Ilikuwa mchana kweupe, barabara imenyooka kama rula, hakuna mti wala kilima. Dwaine alikuwa anatoka mjini na mkate na soseji kwenye kiti cha pembeni. Alimgonga bila hata kugusa breki. Verlyn aliyekuwa juu ya trekta alisema kitu kilichomtisha zaidi si mlio wa kugonga, bali kwamba pikapu iliendelea kidogo mbele kwa mwendo ule ule, kama vile dereva anajiuliza, ndipo ikasimama.

Dwaine alishuka akarudi nyuma akiwa ameshika ubavu wa gari. Alijua amemfikia ndama pale mguu wake ulipomgusa.

"Ametokea ghafla," akasema.

Verlyn alikuwa ameshafika, anahema. Ndama alikuwa amesimama pale barabarani muda mrefu kiasi kwamba Verlyn alikuwa ameshamaliza kumtukana kwa mbali.

"Ndiyo," akasema. "Ametokea ghafla. Wajinga hawa."

"Nitakulipa."

"Acha, bwana. Uzio ni wangu."

Na hapo, Connie anasema, ndipo Dwaine alipojua. Kwa sababu Verlyn Haas hajawahi kukubali hata siku moja kwamba uzio ule ni wake.

Jumamosi ya mwisho ya msimu, mwezi wa kumi, Dwaine aliletwa machimboni na kaka wa mchungaji wa kanisa. Alikuwa na mfuko wa karatasi. Hakupiga. Alipoitwa zamu yake alisema tumbo linamsumbua, akakaa kwenye benchi na kahawa mpaka mashindano yakaisha, watu wakapakia vitu vyao, wakapeana mikono ya kuagana mpaka mwakani. Gaylen alikuwa anakunja turubai. Dwaine akamwita.

"Nyie watatu bakini. Nataka kupiga sasa hivi."

"Mzee, tumeshafunga," Gaylen akasema. "Baridi inaingia. Twende dukani nikupe supu."

"Sahani bado zimesimama."

Akatoa kwenye mfuko kopo la rangi nyeupe, ya kupuliza. Klabu huzipaka rangi sahani asubuhi, na mpaka jioni zote zimekuwa za kijivu kwa alama za risasi, huwezi kujua ipi ni ya nani. Dwaine alianza kutembea kuelekea mbele, mkono mmoja umenyooshwa, na Verlyn akamfuata amshike kiwiko, akaondolewa mkono. Wakamwona anazipata moja moja kwa kugusa, anapuliza rangi, anahamia nyingine. Nyingine alikuwa anapaka nusu na nusu anapaka hewa. Connie akaenda, akachukua kopo bila kuongea, akamalizia.

Walirudi kwenye mstari. Hakukuwa na upepo kabisa. Dwaine alitia risasi zake tano, bastola ya kwanza, tano, bastola ya pili, akihesabu matundu kwa kucha.

"Hebu tusifanye hivi," Gaylen akasema. "Mkono wako una baridi. Mwanga wenyewe mbaya. Hata kijana angekosa."

"Simameni mahali penu."

Wakasimama. Akageuza uso kushoto kama kawaida yake. Akapiga, akivuta nyundo kwa lile dole gumba lililovimba, bila haraka, kila moja akiisikiliza mpaka iishe. Moshi mwembamba ukakaa hapo hapo hewani. Akaweka bastola mezani.

"Ngapi?"

Wote watatu wakatazama sahani.

"Gaylen, wewe una mdomo siku zote. Ngapi?"

"Mbili umekosa," Gaylen akasema.

"Verlyn?"

Verlyn akakohoa. "Mbili."

"Mnajua," Dwaine akasema, akimtazama Gaylen sikio, "nyie watatu nimekaa na nyie tangu vita vya Vietnam viishe. Hamjawahi kukubaliana hata kama leo ni Jumatatu. Mwaka huu wote mmekubaliana. Kila mwezi. Nilidhani mmezeeka." Akageuka. "Connie."

"Sikuhesabu," Connie akasema.

Dwaine akaanza kutembea kuelekea kwenye sahani. Wakamfuata, nini kingine wangefanya. Kwenye sahani ya kwanza aliweka kiganja katikati ya chuma, akakizungusha taratibu kama anampapasa farasi asiyemjua. Rangi ilikuwa bado mbichi. Ilikuwa laini, haina tundu, haina mkwaruzo. Akaenda ya pili. Laini. Ya tatu. Wengine walikuwa wanaona kwa macho yao tangu walipokuwa mbali, hakukuwa na cha kungojea, lakini walisimama wakangoja amalize, kwa sababu kumwambia ingekuwa vibaya zaidi. Sahani ya nne, chini kabisa ukingoni, kidole chake kilikuta kikovu kidogo. Akakirudia. Akakirudia tena.

"Hii ni yangu?"

"Ni yako," Connie akasema. "Nimepaka mimi mwenyewe pale."

Ya tano ilikuwa laini.

Alisimama na mkono wake mweupe ukining'inia. Gaylen akaanza kuongea, maneno yakamtoka mengi kwa pamoja: kwamba ilikuwa kwa ajili yake, kwamba yeye Gaylen alimwona mama yake, kwamba bado wanaweza kupanga kitu, kuna bastola zenye darubini ndogo juu yake, kuna arobaini na tano zenye baruti nyepesi sana, mkono hautauma, thelathini na nane labda, Connie alikuwa sahihi tangu mwanzo, thelathini na nane.

Dwaine alimwacha amalize.

"Nilikuuliza kama nitaisikia," akasema. "Ungesema hapana, ningechagua nyingine. Ningeumia mkono. Ningejua mwezi wa nne, ningeondoka kwa miguu yangu mwenyewe, na watu wakisema Kengele kaacha. Sasa nimewatukana vijana wa watu msimu mzima kwa sahani ambazo sikuzipiga." Akavuta pumzi. "Wakanyamaza. Walikuwa wananionea huruma, eti? Kifo cha Polepole alikuwa ananionea huruma mimi."



"Mpigie Rhonda," Dwaine akamwambia Connie.

"Sasa hivi?"

"Nikiwa hapa nasikia."

Connie alitoa simu, akakosea mara moja, akapiga. Rhonda alipokea haraka, nyuma yake kelele za vyombo na mtoto anayelia.

"Mwalimu. Ngapi leo?"

"Moja," Connie akasema.

"Amekosa moja?"

"Amepata moja."

Kelele za vyombo zikaisha. Ilionekana Rhonda ametoka nje, likasikika gari likipita.

"Sielewi. Mwezi uliopita ulisema tisa. Mwalimu, mimi kwa sababu ya ile tisa niliachia chumba. Walimpa mtu mwingine. Nikakaa nikajiambia baba yangu yuko salama." Kisha, taratibu zaidi: "Wewe ndiye uliyekuwa unanipa hizo namba. Wewe."

Connie akamtazama Dwaine.

"Mwambie aje na trela," Dwaine akasema.

"Baba yako anasema uje na trela."

"Nimemsikia," Rhonda akasema, na simu ikakatika.

Waliporudi kwenye mstari, Gaylen alitaka kuzibeba zile bastola mpaka kwenye gari lake. Dwaine akamzuia. Alizisukuma juu ya meza zikafika upande wa Gaylen, akasema zirudi kwa mjane wa Arlo, naye aombwe radhi. Gaylen akauliza kama ampeleke nyumbani. Dwaine hakugeuka hata kumtazama sikio.

"Verlyn atanipeleka."

Verlyn aliendesha polepole, taa zimewashwa ingawa jua lilikuwa bado juu ya mashamba. Mabua ya mahindi yaliyobaki yalikuwa yanapita pembeni, safu baada ya safu, na hayo pengine Dwaine aliyaona, maana alikuwa ametazama mbele moja kwa moja. Mkono wenye rangi alikuwa ameuweka wima juu ya goti usichafue kiti. Walipofika pale barabarani penye uzio, Verlyn alipunguza mwendo bila kukusudia, kisha akaongeza.

"Ni hapa?"

"Mbele kidogo. Tumeshapita."

Wakaenda.

"Yule ndama alikuwa rangi gani?" Dwaine akauliza.

Verlyn alifikiria kutosikia. Gari lake kuukuu lina kelele, ingewezekana.

"Mweusi."

"Mweusi mtupu? Kwenye barabara ya vumbi?"

"Na uso mweupe," Verlyn akasema. "Uso wote mweupe, mpaka masikioni."

Dwaine akatikisa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayekubali bei. Verlyn akakunja kona ya kuingia nyumbani, akazima injini, akazunguka kumfungulia mlango, na safari hii alipomshika kiwiko, mkono wake haukuondolewa.